Pumzi ya Kinanda

Magari yetu yalitaniwa kuliko magari yote barabarani. Watu walisema ukiligonga la kwetu kwa nyuma, lenyewe ndilo linaloomba radhi. Walisema ukilinunua unapewa na miwani ya kusomea, bure. Wanunuzi wetu walikuwa wakuu wa shule, wahasibu, madaktari wa meno na wasafirishaji wa maiti, na rangi zetu zilikuwa tatu, zote kijivu. Sisi wa kiwandani tulicheka pamoja nao, tena kwa sauti, kwa sababu kulikuwa na jambo moja hakuna aliyeweza kutunyang'anya: gari letu lilikuwa kimya. Mtoto mchanga alilazwa kiti cha nyuma, akavushwa mji mzima, akafika hajafumbua hata jicho.

Ukimya huo ulikuwa kazi yangu. Mimi nilikuwa msikilizaji, na usicheke, ni kazi yenye mshahara. Kila gari lililotoka kwenye laini ya kuunganishia lilisukumwa mpaka chumba cha kimya, chumba chenye kioo kimoja kinene ukutani na sponji kila mahali mpaka darini. Naingia ndani ya gari, nafunga mlango, nawasha injini, nafumba macho. Skrubu iliyolegea nyuma ya dashibodi, waya unaogusa bati, kiti kinacholalamika, vyote nilivisikia. Nikisikia kitu, nafunga kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni, na gari hilo halitoki mpaka mimi mwenyewe nikifungue. Inasimuliwa kwamba mzee aliyeanzisha kiwanda alikuja siku moja kuchukua gari lake jipya, akakuta kitambaa, akageuka akaenda zake kwa miguu bila kumuuliza mtu. Ndivyo tulivyofanya kazi. Nikisema kelele ipo, ipo. Nikisema haipo, haipo, hata kama wewe unaisikia. Wenzangu waliniita Bi Sikio.

Sikio hili sikulisomea popote, nililipata kwa mdogo wangu. Alizaliwa na pumu. Akivuta pumzi kifua kinapiga mluzi, akiitoa kinakoroma, na watoto wa mtaani wakambandika jina la Kinanda. Tulilala chumba kimoja, na tangu najitambua kazi yangu ilikuwa kumsikiliza. Mluzi ukipanda namna fulani, nakimbia kumwita mama, mama anakuja na dawa. Hata sasa ukinifunga macho ukaniweka kwenye uwanja uliojaa watu, nitakuonyesha mdogo wangu amekaa wapi. Nilimpenda kuliko kitu chochote, na nasema mapema ili tusisumbuane baadaye.

Kinanda naye alipata kazi pale pale, dereva wa kupeleka magari kwa mawakala. Mbele ya wakubwa aliendesha kama amepakia mayai. Akishavuka geti, weee! Mawakala walikuwa wanapiga simu kuuliza gari limeondoka saa ngapi, nalo limeshapoa kwenye maegesho yao.

Basi akaja Mkurugenzi mpya, suti na viatu vya michezo. Alituita wote kantini, akapanda juu ya kiti.

"Wateja wetu wanazeeka," alisema. "Wengine wanakufa."

"Wanakufa na tai shingoni," fundi mkuu akasema kutoka nyuma, kantini nzima ikaangua kicheko.

Mkurugenzi hakucheka. Alisema tunaingia kwenye mbio. Tutachukua gari letu lile lile la familia, tung'oe viti vya nyuma, tutie injini yenye hasira, tushindane na majina makubwa, watu waone. Anayenunua lile la kawaida ajue kwamba ndugu ya gari lake anakula sahani moja na wababe. "Nataka mtu anayekwenda kliniki," alisema, "ajisikie anakwenda vitani." Na dereva hataki wa kukodi. Anataka mmoja wetu, mtu wa kawaida kwenye gari la kawaida, ndiyo hadithi itakayouza. Mkono wa Kinanda ulikuwa juu kabla sentensi haijaisha.

Nilimfuata nje. "Na kifua?"

"Dada, kifua kinanibana nikikimbia mimi. Humo linakimbia gari."

Ungemjibu nini? Nilimwambia atembee na dawa yake ya kuvuta, akaahidi.

Mashindano ya kwanza watu walitucheka mpaka wakashika mbavu. Gari la kijivu lenye namba ubavuni! Mmoja alipiga kelele kuuliza maiti iko wapi. Kinanda alimaliza wa mwisho, akatoka anapiga mluzi, macho yamemtoka, amefurahi kupita kiasi. Yule alikuwa mdogo wangu mwenyewe, ninayemjua. Nataka hilo lieleweke.

Ilikuwa siku ya majaribio, baada ya mashindano hayo, ndipo mambo yalipogeuka. Fundi mkuu alinisimulia. Walikuwa wamebadilisha injini, wakamwambia alipeleke mpaka linapokataa. Alizunguka, akaongeza, akaongeza tena, mpaka wale walioshika saa wakaacha kuongea. Halafu akaingia gereji, akazima, akakaa mle ndani kimya, mikono kwenye usukani. Wakagonga kioo. Alipovua kofia ngumu hakuwa na jasho hata tone. "Amekaushwa," fundi mkuu alisema. "Kama shati la pasi." Alicheka alivyosema, lakini alikuwa anajikuna mikono.

Tangu siku hiyo Kinanda hakushindwa tena, na tangu siku hiyo hakubanwa tena. Mama alimshukuru Mungu mpaka magoti yakamuuma. Mtoto aliyemkeshea miaka yote, leo anapanda ngazi huku amebeba mtungi wa gesi, anashuka, hatweti. Aliitupa ile chupa ya dawa kwenye pipa la taka mbele yetu, mama akapiga vigelegele peke yake jikoni.

Mimi sikupiga. Nyumba ilikuwa imenyamaza, na siku za kwanza nilidhani ni mazoea tu. Lakini nilikuwa naosha vyombo, nageuka, huyu hapa mlangoni nyuma yangu, ametulia, anatabasamu. Sikumsikia akija. Mimi! Ukimwuliza jambo alijibu vizuri, kwa adabu, ila jibu lilichelewa kidogo, kama la mtu aliye kwenye simu ya mbali. Nilimtania, akacheka mahali pa kucheka. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, na kila gari lililopita nje, mkono wake wa kulia juu ya goti ulibadilisha gia.

"Mama, huyu humwoni alivyo?"

"Namwona kapona," mama alisema. "Wewe ndiye unayenuna, mwenzio kapona."

Mashindano yakaendelea, ushindi juu ya ushindi. Wale waliouliza maiti iko wapi wakaanza kuuliza bei. Mkurugenzi akaona sasa ndiyo saa. Akaagiza toleo jipya la gari la kawaida, la kijivu vilevile, lakini lenye spika zilizofichwa ndani ya dashibodi. Ukikanyaga mafuta, spika zinatoa mngurumo wa gari letu la mbio. Injini yenyewe ni ile ile ya mkuu wa shule, lakini masikio yako yanaambiwa vingine. Na nani atengeneze mngurumo huo? Bi Sikio, aliyekula mshahara miaka yote kwa kufukuza kelele, sasa akafuge moja. Nilitaka kukataa. Fundi wa sauti, kijana mpole mwenye kompyuta yake, alinibembeleza nikakubali.

Tulitega maikrofoni ndani ya gari la mbio, Kinanda akaliendesha uwanjani asubuhi nzima. Mchana gari likasukumwa chumba cha kimya, nikaingia, nikakaa kiti cha pili na vipokea sauti masikioni kusikiliza tulichopata. Mngurumo ulikuwa mzuri, mnene, wa kutisha kidogo. Na chini yake kulikuwa na mluzi. Unapanda, unakatika, halafu mkoromo. Unapanda, unakatika, mkoromo. Mwili ulinisisimka kabla akili haijafika.

Nikavua vipokea sauti. Injini ilikuwa imezimwa, chumba kimefungwa, fundi wa sauti yuko nje ya kioo anakula chapati ya jana. Na mluzi haukukoma. Ulikuwa mle ndani ya gari, pale kwenye kiti cha dereva pasipo na mtu, umenikaribia kiasi kwamba nilitaka kusogea nimpishe.

"Kinanda?" nikaita.

Pumzi ikazuiwa. Alikuwa anafanya hivyo tangu utoto, ukimwita ghafla anazuia pumzi kidogo ndipo ajibu. Nikangoja. Hakukuja neno, ila mluzi ulirudi ukiwa wa juu zaidi, ule wa kunifanya nikimbie kumwita mama.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nilikuwa nje, nafunga kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni cha gari la mbio. Fundi mkuu akaja mbio, akatia kichwa dirishani, akasikiliza, akaniangalia kwa huruma.

"Mimi sisikii kitu, Bi Sikio. Lakini kitambaa ni kitambaa." Akawaambia vijana wake wasiliguse.

Mkurugenzi alikuja juu. Jumapili tuna mashindano makubwa ya mwaka, Jumatatu toleo jipya linatoka, na mimi nimefunga kitambaa? Kelele gani kwenye gari la mbio, gari ambalo lenyewe ni kelele? Nilimwambia kuna kitu ndani kinapiga mluzi. Nilidhani atanicheka. Badala yake akakaa kitini.

"Kumbe na wewe," alisema. Alikuwa amewaalika watu wachache kulijaribu toleo jipya likiwa na mngurumo wa awali, uliorekodiwa kabla hajaniita mimi. Wote walisifu, isipokuwa mama mmoja mtu mzima aliyeshuka kabla ya kufika kona, akamrudishia funguo. "Akaniambia gari hili lina mgonjwa." Mkurugenzi alijifuta shingo. "Basi kiondoe. Kisafishe kitoke chote. Fundi wa sauti anasema ukimwonyesha kilipo, anakikata dakika moja na hakirudi. Ukishindwa wewe, nitatafuta mashine ya kukitafuta."

Ndipo nikajua nilipokalia. Kazi yangu yote maishani ilikuwa kuonyesha kelele ilipo ili iuawe. Na kelele hii ilikuwa mdogo wangu. Yule aliyekaa nyumbani dirishani alikuwa na sura yake, mikono yake na kovu lake la goti, lakini pumzi yake, ile niliyoilinda tangu utoto, imebaki kwenye gari, na Mkurugenzi anataka ikatwe kwa kompyuta.

Niliwaza kama mtu anayetafuta funguo zilizopotea: rudi ulikopita. Kilichomtoa ni kasi. Basi nikaona nijaribu kinyume chake. Ijumaa asubuhi nikapita duka la dawa, nikanunua chupa ya kuvuta, nikaitia mfukoni. Nikamchukua Kinanda, nikamwambia twende ukanisaidie kusikiliza, akanifuata bila swali. Nilifungua kitambaa kwa mkono wangu, na kwa kuwa ni mimi niliyekifungua, hakuna aliyenizuia getini. Kiti cha pili walikuwa wamekiacha kwa ajili ya wageni wa kampuni kupigiwa picha. Nikamkalisha hapo. Usukani nikashika mimi, ambaye leseni yangu ilikuwa imekaa kabatini mpaka imebadilika rangi.

Nilizunguka ule uwanja wa majaribio polepole mno. Baiskeli ingetupita. Gari lilitetemeka kwa hasira, likataka kukimbia, nikalikatalia, mguu unaniuma kwa kulizuia. Kinanda alitazama mbele na tabasamu lake. Mimi nikaanza kuongea. Nilimwambia habari za nyumbani, za shangazi aliyenunua wigi akalivaa nyuma mbele kanisani, za bomba lile linalovuja, upuuzi wote uliokuja mdomoni. Mluzi ulikuwa upande wangu, shingoni kwangu kabisa, nywele zimenisimama, lakini sikuacha kuongea. Mzunguko baada ya mzunguko. Halafu nikasikia umehama. Ukawa katikati yetu, kwenye gia. Nikapunguza tena, tukawa tunatambaa. Na kwenye kiti cha pili mtu akakohoa.

Nilikanyaga breki. Kinanda alikuwa amejikunja, mikono kwenye koo, midomo imebadilika rangi, kifua kinapiga kelele kama zamani, jamani, kelele ile nzuri mbaya. Nilimtia chupa mdomoni, nikamminyia, nikamsugua mgongo, nikamwambia vuta, vuta mdogo wangu, nipo. Akavuta. Akapumua. Nililia kwa sauti, sikujali nani ananiona.

Alipopata nguvu ya kuinua kichwa alinitazama, na macho yalikuwa ya kwake, mekundu, yana machozi.

"Kwa nini umenitoa?" akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Mimi.

"Ulikuwa unabanwa," nikamwambia. "Nilikusikia. Ulikuwa unaniita."

"Nilikuwa nabanwa, ndiyo. Lakini nilikuwa naenda, dada." Alikatiza avute pumzi. "Huku nje nabanwa nimekaa."

Siku hiyo niliusikiliza tena mngurumo wetu pamoja na Mkurugenzi. Ulikuwa safi kabisa. Akanipigia makofi, akasema mimi ni hodari, akaamuru uingizwe kwenye magari yote ya toleo jipya jioni ile ile. Kuhusu dereva nilimwambia mdogo wangu anaumwa, hawezi Jumapili. Alikunja uso, akasema atatafuta mwingine. Nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha Kinanda, mikono mapajani, anausikiliza ule mluzi na mkoromo. Hakuniangalia.

"Imerudi," alisema tu.

"Amerudi, mama."

Jumamosi nzima hakunisemesha, akawa anaingia na maji ya moto na kutoka, na Kinanda kitandani amegeukia ukuta. Nikajisemea watazoea.

Jumapili nililazimika kuwepo uwanjani kwa ajili ya wageni wa kampuni. Niliwaacha nyumbani wote wawili. Watu walikuwa wamejaa, bendera za kijivu kila mahali, hata watoto wamepakwa kijivu mashavuni. Nilikuwa nawagawia wageni maji, mara nikasikia mluzi, katikati ya kelele zote hizo, kutoka upande wa gereji zetu. Niliacha trei chini, nikakimbia.

Kinanda alikuwa ameshavaa suti ya mbio, ameegemea gari, anahangaika na pumzi. Kando yake mama, amemshikia koti na ile chupa ya dawa.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemleta kwenye dawa yake," mama alisema.

"Akiingia humo anayetoka si yeye! Yule wa dirishani si yeye, mama, nakuapia."

"Nilijua." Alisema taratibu, hata hakukasirika. "Unadhani mimi sina masikio? Nimemzaa mimi. Lakini yule anakula, analala, hapigi kelele, hanifanyi niruke kitandani. Huyu nimekaa naye miaka yote nangoja afe. Kila siku nangoja. Nimechoka, mwanangu. Niache nipumzike."

Nikamgeukia Kinanda, nikamshika mikono yote miwili, nikambembeleza kama nambembeleza mtoto. Nilimwambia tutahama, tutatafuta daktari mwingine, tutafanya lolote. Alitikisa kichwa.

"Hakuna aliyeniburuta hapa, dada. Mama nimemwomba mimi." Akavuta pumzi, akaizuia kidogo, kama kawaida yake. "Usinitoe tena. Ila na usikubali wanifute."

Akavaa kofia ngumu, akajipenyeza ndani, mlango ukafungwa. Sitaki kueleza sana mashindano yale, mtu yeyote atakwambia yalivyokuwa, yanaongelewa mpaka leo. Nitasema tu kwamba mzunguko wa mwanzo gari lilipita mbele yetu na mluzi ukiwa kwenye kiti. Mzunguko uliofuata lilipita likiwa lenyewe linapiga mluzi, bati lote, tangu boneti mpaka buti, na watu wakasimama wakashangilia. Mama alipiga makofi na chupa ya dawa mkononi. "Msikie alivyopona," akaniambia.

Alishinda. Alishuka mkavu, akambusu mama, akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo dada," salamu ambayo tangu tuzaliwe hajawahi kunipa.

Jumatatu magari ya toleo jipya yalipangwa nje ya chumba cha kimya, mstari mrefu wa kijivu, na nyuma ya geti wateja wa kwanza walikuwa wanangoja na wake zao na waume zao. Lilisukumwa la kwanza, nikaingia, nikafunga mlango, nikawasha. Spika zikanguruma. Na chini ya mngurumo ule tuliouacha safi Ijumaa, uliofungiwa ndani ya magari bila mtu kuugusa, alikuwemo. Anavuta kwa mluzi, anatoa kwa mkoromo, amebanwa.

Mkurugenzi alikuja akainama dirishani. Uso ulikuwa umempauka.

"Bi Sikio, Ijumaa hakikuwepo. Mimi kama nakisikia tena."

Nyuma ya kioo kinene fundi wa sauti alikuwa amesimama na kompyuta mikononi, anangoja neno langu tu, akate. Pembeni yake alisimama dereva wetu bingwa na kofia mpya ya kampuni, amebandika uso kwenye kioo ili atuone vizuri. Kioo hakikuingia ukungu.

"Niambie," Mkurugenzi akasema. "Kipo au hakipo?"

Nilisikiliza pumzi moja mpaka ikaisha, nikangoja nyingine, ikachelewa, nikaona moyo unasimama, ikaja.

"Sisikii kitu, bosi."

"Hata kidogo?"

"Ni masikio yako hayo. Nenda kapimwe."

Akacheka, akaona haya, akampungia mkono fundi wa sauti afunge kompyuta yake. Geti likafunguliwa. Wakalitoa lile la kwanza, mkuu wa shule mmoja mstaafu akaingia na mkewe, akakanyaga mafuta, akatabasamu kama mtoto, wakaondoka naye. Wakanisukumia la pili. Nikaingia, nikafunga mlango, nikafumba macho. Alikuwemo na humo, amebanwa zaidi. Nikasema sisikii kitu.